Mtoto Aliyekosa Meli

Kila msimuliaji anayepita hapa bondeni, akishashiba, huanza yale yale. Jinsi Bwana Maelmora alivyowatimua Waingereza kule kivukoni. Jinsi Bwana Maelmora alivyopanda meli na machozi yakimtoka. Haya, sawa, aliwatimua, na meli alipanda. Mimi nilikuwa na miaka saba siku aliyopanda na sikumwona, maana nilikuwa mlimani nachunga ndama pamoja na binti yake. Ndiyo, binti yake wa kumzaa! Meli ilimwacha. Na aliyesababisha akaachwa ni mama yangu, Gormla, mkamuaji wa ng'ombe, ambaye sijasikia msimuliaji hata mmoja akimtaja. Basi leo mtanisikiliza mimi Ranalt, na asiyetaka mlango uko wazi.

Mama alikuwa mfupi, mikono minene, na ulimi usio na hatamu. Ng'ombe akimpiga teke, naye alimrudishia, kisha akamwomba radhi. Baba yangu, Fachtna, alikuwa mtu wa maneno machache, na watu walisema ni kwa sababu mama aliyamaliza yote yeye.

Ninyi watoto wa siku hizi hamjui, lakini zamani zetu mtoto wa bwana hakulelewa ngomeni. Alipelekwa kwa watu wake wamnyonyeshe na kumkuza, na msichana alirudishwa kwao akitimiza miaka kumi na minne. Ndivyo mabwana walivyojifunga na sisi, na sisi na wao. Mama alikuwa amenizaa mimi mwezi uliopita pale Bwana Maelmora alipotoka ngomeni kwa miguu, mtoto kifuani, ng'ombe kumi nyuma yake, akasimama mlangoni petu.

"Gormla, nasikia una maziwa mengi kuliko ng'ombe zangu," alisema.

"Yapo, bwana, na kelele ninazo pia. Huyo mtoto atazizoea?"

"Mama yake amefariki jana usiku," Bwana akasema. "Atazoea chochote."

Hapo mama hakutania tena. Alimpokea Dervla, akamweka titi la kulia, mimi nikabaki la kushoto. Tumenyonya ziwa moja mimi na yeye, na kwetu huo ni udugu mzito kuliko wa tumbo.

Ila chakula, lo! Sheria ya kulea ilikuwa kali. Uji wa shayiri wa mtoto wa bwana hutiwa asali. Uji wa mtoto wa mchungaji hutiwa chumvi. Chungu kimoja, meza moja, mabakuli mawili. Tena yeye joho jekundu, mimi joho la rangi ya kondoo aliyelala kwenye tope. Nilimwuliza mama kwa nini, akasema, "Sheria." Nikauliza sheria ya nani, akanipa kijiko cha mbao kichwani. Niliichukia ile asali. Hapana, nisiseme uongo nikiwa mzee: asali niliipenda, niliyemchukia ni mlaji. Na mlaji mwenyewe alikuwa ananiachia kijiko nirambe kwa siri kila mama akigeuka, kwa hiyo hata kumchukia vizuri sikuweza.

Vita ndivyo vilivyotukuta wadogo. Waingereza walitaka kuweka mkuu wao hapa bondeni, atuhukumu kwa sheria zao, na Bwana Maelmora akakataa. Alikataa miaka mitatu. Baba alikwenda naye akarudi bila mkono wa kushoto. Askari waliposhindwa kumkamata Bwana, walichoma shayiri ikiwa shambani, mwaka huo na mwaka uliofuata, na watu walikufa njaa hapa hapa, watu niliowajua kwa majina. Mwishowe Bwana alipiga magoti ili watu wale. Akarudishiwa nchi yake kwenye karatasi, na kila mwaka ile karatasi ikamegwa kidogo, huku shamba, kule msitu, mpaka akaona zamu iliyobaki ni ya shingo yake.

Sasa nifike kwenye kosa la mama.

Wakati wa kiangazi sisi wafugaji tunapanda na ng'ombe mlimani, tunakaa kwenye vibanda vya majani mpaka baridi ianze. Kila nyumba ina malisho yake na kila mtu anajua nani yuko wapi. Mwaka ule majani yalikuwa mabaya pale petu. Mama akaniambia mimi na Dervla tufunge vitu, tukavuka sote na baba mgongo wa mlima mpaka bonde dogo ambalo alilijua yeye tu tangu usichana wake. Hakumwambia mtu. Mfugaji gani hapa anatangaza majani mazuri? Ukisema leo, kesho kutwa umezungukwa na ng'ombe wa jirani. Hata majivu ya moto wetu wa zamani aliyafukia ili wasijue tulielekea upande gani, na akacheka, akajiona mjanja kweli kweli.

Ngome ikapata habari kwamba Bwana atakamatwa. Meli ya Kihispania ikaja ghubani, ikakubali kungoja siku mbili, si zaidi. Bwana akamtuma mpanda farasi wake aitwaye Colla akamlete Dervla. Colla alipanda mpaka kwenye vibanda vyetu, akakuta patupu. Alizunguka mlima siku mbili mchana na usiku akiita mpaka sauti ikakauka. Aliporudi pwani, tanga lilikuwa limeshakuwa dogo kama ukucha. Bwana alikuwa ameondoka na watu tisini, bila binti yake, na bila Colla.

Sisi hatukujua kitu. Tulishuka wiki ya mwisho ya vuli, ng'ombe wamenona, mama anaimba. Jirani yetu mmoja akatukimbilia njiani.

"Gormla! Ulikuwa wapi, dada? Wamekutafuta mpaka wamekata tamaa!"

"Nani? Kuna nini?"

"Bwana ameondoka. Amekwenda Roma, hatarudi. Alimtaka mtoto wake, hamkuonekana."

Mama alikaa chini pale pale, njiani, kwenye matope, ng'ombe wakampita kulia na kushoto. Nilikuwa sijapata kumwona kakaa wakati ng'ombe wanatembea.

"Majani," alisema. "Nimemkosesha mtoto baba yake kwa ajili ya majani."

Baba alimwinua kwa ule mkono wake mmoja. "Ungejuaje, mke wangu? Inuka. Mtoto anakuangalia."

Na kweli Dervla alikuwa anamwangalia. Hakulia. Aliuliza tu kama Roma ni mbali kuliko kule tulikotoka, na baba akamwambia ni mbali zaidi.

Habari ya pili ilikuja kabla ya theluji. Kapteni wa Kiingereza aliyeketi sasa ngomeni alikuwa anamtafuta binti wa Bwana. Alitaka kumpeleka ng'ambo akalelewe na watu wao, asahau lugha, asahau sala, kisha aozwe kwa mmoja wao, na ardhi yetu yote iende naye kwa huyo mume. Mama alisikia hayo akiwa anakamua. Alimaliza ng'ombe yule, akamimina maziwa, kisha akaenda kulichovya joho jekundu kwenye maji ya masizi mpaka likawa jeusi.

"Kuanzia leo," alimwambia Dervla, "wewe ni pacha wa Ranalt. Unaitwa Nuala. Unakula chumvi."

"Haya, mama," akasema Dervla.

Akala chumvi. Siku ya kwanza alikunja uso, ya pili hakukunja. Mimi nilifurahi kama nini! Sikuelewa lolote. Niliona haki imetendeka duniani, basi.

Walikuja asubuhi moja ya ukungu, tusisikie hata kwato. Askari wawili wa Kiingereza walisimama mlangoni wakipuliza vidole, na mtu wa tatu aliingia, mtu wa kwetu, mrefu, ndevu hazijachanwa. Alikuwa Colla. Bwana alipomwacha pwani hakuwa na mkuu, hana farasi, hana pa kulala. Kapteni alimwambia, niletee huyo mtoto nikurudishie shamba la baba yako. Ila sura ya Dervla hakuijua. Alikuwa vitani na safarini miaka yote tuliyokuwa tunakua.

"Nina njaa, Gormla," alisema, akakaa bila kukaribishwa. "Au siku hizi hapa hampiki?"

"Tunapika. Mgeni hafukuzwi na njaa kwangu, hata awe mgeni wa aina yako."

"Vizuri. Basi na watoto waje tule pamoja."

Mama alitupakulia wote, chumvi mabakuli yote. Na hapo Colla akatoa mkobani sega la asali, zima, linavuja, akaliweka katikati ya meza. Alijifanya anapuliza uji wake.

Ninyi mnaona mtego. Mama aliuona. Dervla aliuona, na alikuwa na miaka saba tu, akainamisha kichwa akaendelea na chumvi yake. Mimi, punda, niliona asali. Nilitumbukiza mkono wote, mpaka kifundo, nikaramba.

Colla akanishika kiwiko.

"Huyu hapa," alisema polepole. "Mkono haukusita. Huyu amezoea."

Nilimtazama mama. Alikuwa amefungua mdomo na sauti haitoki. Mama yangu! Nilidhani anafurahi kwamba nimepata asali. Miaka mingi baadaye aliniambia ilivyokuwa: "Nikisema si wewe, namtoa yule. Nikinyamaza, nakutoa wewe. Nilitafuta neno la tatu, mwanangu, sikulipata."

Neno la tatu lilitoka kwa Dervla. Alisukuma bakuli lake, akasimama juu ya kigoda.

"Mwache dada yangu! Si yeye, ni mimi. Huyu hata kula asali hajui. Hujamwona anavyotumbukiza mkono? Asali inachotwa na kijiko!"

Wahenga wanasema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Wahenga hao hawakumjua Dervla.

Na mimi nilifanya nini? Nilishukuru? Thubutu! Nilisikia "ni mimi," nikafahamu kwamba anataka kunipokonya asali siku hiyo moja niliyoipata.

"Mwongo!" nikapiga kelele, kidevu kinanata. "Mimi ndiye binti wa Bwana! Ye' anakula chumvi, muulize mama!"

"Ni mimi!"

"Ni mimi!"

Nikamvuta nywele, akaning'ata bega. Alama ninayo. Askari mmoja mlangoni akauliza kitu kwa Kiingereza na mwenzake akaanza kucheka. Colla alikuwa katikati, huku kanishika mimi, huku anamzuia Dervla, hajui amtazame yupi.

Hapo sauti ya mama ikarudi. Haikuwa ya juu.

"Colla. Wewe ulilelewa na nani?"

"Hayo hayahusiani."

"Ulilelewa na nani, nimekuuliza."

"Na Sorcha," alisema. "Sorcha wa kisimani. Alikufa mwaka wa njaa. Sikuwepo."

"Mimi nilikuwepo. Nilimzika na Fachtna, ardhi ilikuwa ngumu tukachimba mchana kutwa. Siku ya mwisho hakuwaita wanawe aliowazaa, Colla. Aliita jina lako. Aliniuliza mara tatu kama umefika, na mara ya tatu nikamwambia uko mlangoni unafunga farasi." Mama akafuta mikono kwenye sketi. "Sasa mchukue unayemtaka. Wote wawili wamenyonya hapa, na mimi sitakuonyesha yupi ni yupi hata mniue. Lakini yeyote utakayemchukua, jua kuna mwanamke atakayekufa akimwulizia."

Colla alitazama bakuli lake mpaka uji ukashika ngozi juu. Kisha akaniachia kiwiko. Alisimama, akawaendea askari, akasema nao maneno mengi ya Kiingereza akitunyooshea kidole. Wale wakacheka tena, mmoja akatikisa kichwa, wakatoka. Naye akatoka bila kutuaga. Tulikuja kujua baadaye alichowaambia: kwamba binti wa Bwana alikufa kwa homa mwezi uliopita, na hawa wawili ni watoto wa mwanamke maskini, hawajawahi kuona asali, ndiyo maana wanauana kwa ajili yake.

Mama alilikata lile sega vipande viwili sawasawa, akatupa kimoja kimoja. Baadaye akatuchapa wote wawili.

Siku kumi hazikupita Colla akarudi, kwa miguu, bila mkanda wala upanga. Hakuweza kukaa ngomeni kula mkate wa kapteni baada ya kumdanganya. Mama alimlisha siku mbili, ya tatu akampa shoka, akamwonyesha kuni. Akawa mtu wa nyumbani kwetu mpaka majani yakaota. Lakini mama hakuwa na raha. Uongo ule ulikuwa umefanya kazi kupita kiasi: kila mtu asiyekuwa jirani yetu aliamini mtoto amekufa, na habari zina miguu, zingefika Roma.

"Kule kuna baba analia kilio cha bure," alisema. "Colla, ulishindwa kumpelekea mtoto. Basi kampelekee neno."

"Roma, Gormla? Unajua Roma ni wapi?"

"Sijui. Uliza njiani. Una mdomo."

Aliondoka na jibini mbili na viatu vya baba. Hatukumsikia tena miaka sita.

Miaka hiyo sitaipamba. Wageni walipewa mashamba ya chini, sisi tukasukumwa juu kwenye mawe. Lakini ng'ombe walizaa, baba alijifunza kufunga kamba kwa meno, na mimi na Dervla tukakua, tukagombana, tukalala shuka moja. Tukakaribia kumi na minne. Mama akaanza kufua lile joho kila wiki, akitafuta wekundu uliokuwa chini ya masizi. Sheria ilikuwa imefika siku yake: mtoto wa kulea arudishwe kwa baba. Na baba hayupo, na ngomeni mwake anakaa Mwingereza. Nilimwona mama akikamua na machozi yanaingia kwenye ndoo, nami nikamtania kwamba siagi ya wiki hiyo haitahitaji chumvi. Hakucheka.

Siku ya soko la mwanzo wa kiangazi, mtu mwenye mvi alikuja juu kwa fimbo. Mama alimtambua kabla hajafika kwenye ua.

"Colla! Viatu vya Fachtna viko wapi?"

"Viliishia Ufaransa," alisema, akacheka na kulia pamoja. Kisha akamtafuta Dervla kwa macho, na safari hii hakukosea. "Baba yako yu hai. Amezeeka, macho hayaoni vizuri. Nilipomwambia u mzima alianguka kwenye ngazi za kanisa, tukadhani tumempoteza." Akamgeukia mama. "Kaniambia hivi, neno kwa neno: Mwambie Gormla, nilimwazima mtoto, naye kamlinda kuliko ambavyo ningemlinda mimi mwenye panga mia nne. Umri ukifika, hiari iwe ya mtoto. Akitaka kuja, nimelipia meli ya wauza samaki, inaondoka ghubani Ijumaa. Akitaka kubaki, abaki na baraka yangu, ili wetu mmoja awe nyumbani."

Mimi niliyemwonea wivu tangu tungali kwenye titi, nilikuwa nimeshika ukosi wa joho lake kwa nyuma, bila yeye kujua.

Mama ndiye aliyesema kwanza, na alisema kwa nguvu, kama mtu anayejitoa mwiba. "Utakwenda. Mimi ndiye niliyekukosesha meli ya kwanza, ya pili hutaikosa kwa sababu yangu. Ni baba yako. Nitakufungia siagi."

"Mama."

"Usiniite mama, unanivunja. Kachukue viatu."

"Mama, nisikilize. Nani kasema sheria ina upande mmoja?" Sauti ya Dervla ilikuwa ile ile ya juu ya kigoda. "Wewe umenilea mpaka kumi na nne, haya, zamu yako imekwisha. Zamu yangu inaanza. Mtoto wa kulea humlisha mlezi wake akizeeka. Nikiwa Roma nitakulisha kwa mkono gani? Colla atarudi amwambie baba nimemwombea, nitamwombea kila siku, nikipata mtoto wa kiume nitampa jina lake. Lakini meli iende."

Mama alimpiga. Haki ya Mungu, alimpiga kwa kitambaa chenye maji, begani, mgongoni, huku analia kwa sauti mpaka majirani wakatoka. "Mjinga wewe! Umeacha Roma kwa ajili ya ng'ombe kumi na mmoja! Mjinga!" Halafu akamkumbatia, na mimi nikajiingiza katikati kwa nguvu, maana sikukubali kuachwa nje.

Ijumaa meli ikaondoka na Colla, bila Dervla. Dervla aliolewa hapa hapa na mchonga mawe, akapata watoto watano, wa kwanza Maelmora. Mimi niliolewa ng'ambo ya mlima. Mama aliishi mpaka meno yakaisha yote, na miaka minne ya mwisho hakuweza kushika kijiko, Dervla akamshikia. Nilipoletewa habari nilitembea siku moja na nusu, nikakuta ameshaoshwa, amevikwa, nywele zimesukwa vizuri. Pale mlangoni wanawake walikuwa wamepanga foleni ya kutoa pole. Walimpa mkono Dervla kwanza, mmoja baada ya mwingine, kisha ndipo wakanigeukia mimi. Nikasubiri zamu yangu nyuma yao, na nilipofika mbele ya Dervla nikampa pole kama wengine, kwa kufiwa na mama.